Harusi Iliyokataa Kufunguka

Mama alifika kutoka nyumbani Ruiri Jumapili saa saba mchana, siku moja kabla ya kupasuliwa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa zamani kwa presha ya macho. Lililobaki ni la kulia, na daktari alisema atajaribu kuliokoa. Neno hilo "kujaribu" alilirudia mara tatu, mpaka nikatamani anyamaze. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Meru, na nimepanga chumba kimoja mtaa wa Majengo, juu ya bucha. Mama aliweka mfuko wake wa nguo kitandani, akakataa chai, akasema, "Mama, nataka kumwona dada yangu."

Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Dada yake, mama yangu mdogo, alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua kule Timau. Akaanza kukohoa msimu wa baridi na hakupona. Picha zake za kawaida tunazo mbili tatu. Lakini mahali pekee anapoonekana akitembea na kucheka ni katika video ya harusi ya kaka yangu, niliyoihifadhi kwenye kompyuta yangu ya mezani.

"Kesho watalifunga hili jicho," mama alisema. "Wakilifungua, sijui nitaona nini."

Nikamsogezea kiti karibu na meza, nikabofya video. Dirisha la programu ya kuchezea video lilifunguka likiwa jeusi, likakaa hivyo kidogo, kisha likajifunga. Nikabofya tena. Safari hii ukatokea ujumbe kwamba programu imeacha kufanya kazi.

"Imeanza?" mama aliuliza.

"Bado kidogo."

Nilizima kompyuta nikaiwasha upya. Ikawa vile vile. Jasho likaanza kunitoka mgongoni ingawa siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Nikahofia kwamba video ndiyo iliyoharibika, na nakala nyingine sina. Nikajaribu katuni ninazowaonyesha wanafunzi wangu. Nazo zikagoma. Hapo nikapumua: harusi ilikuwa salama, ugonjwa ulikuwa kwenye programu. Nikaifuta, nikaipakua upya kwa bando za simu, nikisimama na kuketi, nikienda dirishani na kurudi. Ilipomaliza kujiweka, nikabofya. Dirisha jeusi. Likajifunga.

"Kaa chini, mama," mama akasema. "Unanizungusha kichwa."

Sikuweza kukaa. Niliteremka ngazi mbio hadi kwa dada mmoja mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, mlango wa tatu kutoka bucha. Alikuwa akifunga ili awahi msikitini kwa sala ya alasiri. Nikamweleza nikiwa nahema.

"Mwalimu, kompyuta yako ilijisasisha juzi?"

"Leo asubuhi. Niliikuta ikijizima na kujiwasha."

"Basi ni hiyo. Na ukifuta programu, mipangilio yake ya zamani inabaki. Unaweka programu mpya, inaokota ugonjwa ule ule. Ingia kwenye mipangilio, uirudishe ilivyokuwa mwanzo. Picha ikikataa bado, zima pale programu inapoomba kusaidiwa na kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora picha kwenye kioo."

Nilirudi nikirudia maneno yake mdomoni kama mtoto aliyetumwa dukani. Nikarudisha mipangilio mwanzo. Nikabofya. Dirisha lilibaki jeusi, lakini halikujifunga, na ndani ya weusi ule zikalipuka sauti: ngoma, wanawake wakiimba Kimeru, mtu akiita watu wapishe. Halafu vigelegele, virefu, vikikatika mwishoni kama kicheko.

Mama alishika ukingo wa meza. "Huyo ni yeye."

"Ngoja nilete picha."

"Wacha hivyo hivyo."

Lakini mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kipanya. Nikasimamisha video niingie kwenye mipangilio, na chumba kikanyamaza ghafla. Ikabaki sauti ya panga la bucha chini yetu likikata mifupa.

"Unamkatiza!" Mama hakuwahi kunipigia kelele tangu nikiwa darasa la nne. "Dada yangu anaongea, wewe unamkatiza. Mbona huwezi kutulia?"

Nikaketi. Nikaichezesha video tena na kuiweka mikono mapajani, na tukasikiliza harusi bila kuiona, kama redio. Mama mdogo alimtania bibi harusi, akaomba maji, akaimba mstari mmoja vibaya akacheka. Mama alijibu kila kitu kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimetazama video ile mara nyingi na sikuwahi kujua kwamba mama mdogo aliongea kiasi kile. Sikuinuka tena.

Ilipokwisha, mama alijifuta uso kwa kitenge. "Sasa tengeneza."

Nikazima msaada wa kadi ya picha, nikafunga programu, nikaifungua. Uwanja wetu wa Ruiri ukajaa kwenye kioo, watu, turubai, vumbi. Mama aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Nikasimamisha kwa mwanamke mwenye kilemba cha manjano.

"Huyu hapa, mama."

Alitazama. "Huyo ni mimi."

Nikaangalia vizuri. Kweli, alikuwa yeye, mnene kuliko sasa, amebeba sinia. Mama mdogo alikuwa nyuma yake, nusu uso, akimnong'oneza sikioni. Mama, ambaye jicho lake lilimwonyesha rangi na ukungu tu, alijitambua kabla mimi sijamtambua. Akaweka kidole pale kwenye ule uso nusu, akakiacha.

Asubuhi nilimpeleka hospitalini, akapasuliwa. Presha ya jicho ilishuka, na daktari alituambia kweli: uwezo wa kuona uliopotea haurudi, ila uliobaki sasa unaweza kudumu. Bandeji ilipotolewa, mama alinitazama kwa muda mrefu, akasema nimekonda. Wiki ya pili alirudi Ruiri, akaanza kuchambua maharagwe yake mwenyewe mlangoni, kwenye mwanga.