Filimbi kwenye Msumari wa Kuruvilla

Kwanza, hakupiga magoti. Wanaosema kwamba Mwalimu Rahelamma wa nyumba ya Kaithakkuzhi alimpigia magoti kijana wa Thankappan hawakuwapo. Walikuwa kwenye kibanda cha chai cha Kunjeppu, wakila ndizi za kukaanga na kutazama mvua. Yeye alisimama wima tangu mwanzo hadi mwisho, na sari yake ilikuwa imepigwa pasi. Pili, ile filamu si habari ya watu wa Kaithakkuzhi. Ameyasema hayo mlangoni mwa kanisa, akayasema kwenye foleni ya benki, na kama kuna ambaye bado hajasikia, basi na asikie sasa.

Filamu yenyewe nani hajaiona? Nyota wakubwa wamejazana humo mpaka majina yao hayakuenea kwenye bango. Mtu mmoja anarudi kwao baada ya miaka mingi kuwawinda wakubwa waliomfukia baba yake kwenye machimbo ya mawe, na mahakama ikawaachia. Kila anapofika kwa mmoja wao, anasimama langoni, ananyoosha shingo, na kusema polepole, "Nimekuja kuchukua cha baba." Ukumbi mzima unapiga miluzi. Haukupita muda, watoto walioagizwa sukari wakawa wanaingia dukani wakisema hivyo hivyo.

Nyumba ya mwuaji wa kwanza ndiyo iliyopigwa picha Kaithakkuzhi. Aliyelitaka jambo hilo ni Sibi, mwana wa pekee wa Rahelamma.

"Mama, nyota mwenyewe atakaa kwenye kiti cha baba! Atakunywa chai yetu!"

"Akinywa chai yetu ndiyo utaacha kukoroma?"

Alikubali hata hivyo, kwa sharti moja: jina la nyumba, lililochongwa kwenye nguzo ya lango, lisionekane. Watu wa filamu wakalifunika kwa matawi. Lakini walikuwa watu wa mjini, wakakata matawi ya mfenesi, na mbuzi wa jirani akiona majani ya mfenesi hana adabu tena. Mwuaji alipotoka langoni na shuka lake jeupe, jina lote lilikuwa wazi nyuma yake.

Siku filamu ilipofika ukumbini kwao, mtu alipaza sauti gizani, "Lo, Kaithakkuzhi! Kumbe ndio nyie!" Watu wakacheka, na Sibi akacheka nao. Rahelamma hakucheka.

Hakucheka kwa sababu marehemu mumewe, Kuruvilla, alikuwa na machimbo ya mawe nyuma ya kilima, na mtu alifia humo. Mtu huyo alikuwa Thankappan, mpasua mawe. Ilikuwa siku ya mvua kubwa, na baruti, ambayo haiwashwi kabla ya filimbi ya kuonya, ililipuka kabla hajatoka shimoni. Kuruvilla aliwaambia polisi, "Filimbi ilipulizwa. Mvua iliimeza." Polisi wakaandika hivyo, mahakama ikakubali hivyo, na Rahelamma, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mahali hapa, akayarudia maneno hayo bila kubadili hata moja kwa kila aliyemwuliza. Mjane wa Thankappan alimchukua mtoto wake mdogo, Udayan, akarudi kwa ndugu zake Palakkad. Mtoto akakua, akaenda Muscat kuendesha kreni.

Ni Kunjeppu aliyemletea habari. Alimwita alipokuwa akipita mbele ya kibanda.

"Mwalimu! Yule Udayan kaiona sinema huko Uarabuni."

"Watu wote wameiona, Kunjeppu."

"Ndiyo, lakini yeye kairudia na kuirudia. Kanipigia simu. Anakuja likizo. Kaniuliza nani anakaa Kaithakkuzhi siku hizi, nikamwambia Mwalimu na Sibi tu."

"Nani alikutuma umwambie?"

"Aa, Mwalimu, mtu akiuliza kwa watu si anaelekezwa?"

Wateja wakaangua kicheko. Mmoja akanyoosha shingo, akatoa sauti nzito: "Nimekuja kuchukua cha baba!"

Rahelamma alifungua mwavuli wake akaenda zake. Alipofika nyumbani ndipo alipogundua kwamba mvua haikuwa ikinyesha.

Tangu siku hiyo hofu ikahamia ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Alifunga madirisha ya upande wa machimbo. Sibi akienda kugema mpira, mama yake alikaa barazani akitega sikio, na kila mlio wa pikipiki ulimwinua kitini. Alijua jinsi watu wa hapa wanavyohesabu mambo haya. Kuruvilla alikwisha kufa, kwa hiyo deni lingemwangukia mtoto wake.

"Nenda Kottayam ukakae kwa mjomba wako," alimwambia.

"Mama, ile ni sinema. Hata damu yenyewe ni rangi."

"Mwenzio hana sinema. Ana baba aliyekufa."

"Kwani baba alimwua?"

"Baba yako hakuua mtu!"

"Basi mimi nikimbie nini?"

Rahelamma alitazama picha ya Kuruvilla ukutani, na taa yake ndogo nyekundu isiyozimwa. Kwenye msumari chini ya picha vilining'inia rozari ya marehemu na vitu vyake vingine vidogo, ambavyo yeye huvifuta vumbi kila Jumamosi.

Udayan alikuja mchana, mvua ikipiga. Sibi alikuwa bondeni kwenye miti ya mpira, karibu na mto. Mbwa hakubweka, aliingia chini ya benchi akatulia huko. Rahelamma aliona mwavuli mweusi umesimama langoni, kando ya lile jina, na chini yake mwanamume mpana wa mabega. Mkono wake wa pili ulishika mfuko mzito.

"Mwalimu! Mimi Udayan, mtoto wa Thankappan. Nimekuja kuchukua cha baba."

Rahelamma alisimama wima.

"Mwanangu hayupo," alisema.

"Sikumfuata mwanao."

"Basi mimi nipo. Fanya ulilojia."

Yule mwanamume alimkodolea macho. Kisha akapanda barazani, akakunja mwavuli, akavua ndala zake, akazipanga vizuri kando ya mlango. Rahelamma aliziangalia. Mtu aliyekuja kuua havui ndala. Mfukoni mlikuwa na tende na kopo la maziwa ya unga, kama wanavyoleta wote wanaotoka huko. Akamwekea kiti.

Lakini Udayan hakukaa. Aliingia ndani moja kwa moja hadi kwenye ukuta wenye picha ya Kuruvilla, akaonyesha kwa kidole.

"Hiyo."

Ilikuwa filimbi ya shaba yenye uzi mwekundu, imening'inia kando ya rozari.

"Baba aliinunua kwenye sherehe za hekalu," alisema. "Siku ile walimletea mama shati lake, na kikopo chake cha tambuu, hata kiatu kimoja. Filimbi haikurudi. Mama kafa anaiulizia. Halafu niko zangu sinema Muscat, mtu mkubwa kakaa kwenye kiti anakunywa chai, watu wanapiga miluzi, na nyuma ya kichwa chake naiona filimbi ya baba."

Rahelamma alikuwa amehangaikia jina la langoni. Msumari hakuufikiria hata mara moja. Ile hofu aliyodhani imetoka ikarudi, na safari hii haikuwa hofu ya panga.

"Mama," Udayan alisema kwa upole, "baba alikuwa shimoni. Filimbi aliiacha juu, kwa mzee Kuruvilla, ampulizie kabla ya baruti. Sasa nataka kujua kitu kimoja tu. Mzee aliipuliza?"

Mvua ilipiga vigae. Rahelamma aliitoa filimbi kwenye msumari, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua cha baba yako."

"Nimekuuliza, Mama."

"Nimesikia."

Udayan alivaa ndala zake, akafungua mwavuli, akateremka. Alipofika langoni aligeuka, akaitia filimbi mdomoni, akapuliza.

Wakati huo mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba Rahelamma hakuweza kusikia pumzi zake mwenyewe. Filimbi aliisikia. Ilipita katikati ya mvua kama sindano kwenye kitambaa, ikagonga kilima, ikarudi. Mbwa akalia chini ya benchi. Mwavuli mweusi ukashika njia na kupotea.

Sibi alitokea mbio kutoka bondeni, amelowa chapachapa, kisu cha kugemea kingali mkononi.

"Mama! Uko salama? Filimbi ya nani hiyo?"

"Umeisikia wapi?"

"Kule chini, mtoni kabisa!"

"Na mvua yote hii?"

"Na mvua yote hii. Kwani vipi?"

Rahelamma aliutazama msumari. Rozari ilikuwa ikichezacheza peke yake.

"Kajifute maji," alisema. "Wali unapoa."

Sasa watu wanauliza. Kunjeppu anauliza, padri naye ameuliza kwa kuzungukazunguka, na Sibi, ambaye siku hizi hacheki sana, anauliza kuliko wote. Wote wanapata jibu lile lile. Hakupiga magoti. Filamu si habari yao. Kuruvilla alikuwa mtu wa heshima, na filimbi imerudi kwa mwenyewe. Kuhusu siku ile ya machimboni, Mwalimu Rahelamma hana la kuongeza. Asiulizwe tena. Hasemi.