Bibi Aliyeacha Kutukana

Bibi yangu alinilea kwa mawese na matusi. Mawese aliyakamua mwenyewe nyuma ya nyumba yetu hapa Rumonge. Matusi hayakuhitaji mashine. Ukifika mlangoni, kabla hujamaliza kusema amahoro, yeye amekwisha kujibu: "Wee kichwa cha boga, ungali hai?" Sauti yake ingesimamisha mtumbwi katikati ya ziwa. Wageni walishtuka. Sisi tulijua kwamba hatukani mtu asiyempenda, na mimi nilikuwa mjukuu aliyetukanwa kuliko wajukuu wote wa Burundi.

Ni yeye aliyenisukuma shule ya jioni, baada ya kushinda tukichemsha chikichi pamoja. Nilisoma na mababa wenye vipara vikubwa kuliko ubao. Nikapita, nikaingia chuo kikuu Bujumbura, na chuo kikanichagua kwenda Ubelgiji kusoma mwaka mmoja, na wao wakatuletea mmoja wao. Nadhani walipunjika.

Siku ya kuondoka bibi alinipa chupa ya mawese.

"Ukirudi bila cheti, nitakuchemsha na chikichi."

"Nikirudi nacho, wewe ndiye wa kwanza kukishika."

"Na mikono hii yenye mafuta?"

"Hiyo hiyo."

Mwaka mzima sikutaka kitu kingine: karatasi ile mikononi mwake, aichafue apendavyo.

Hakuishika. Alikufa mimi bado najifunza kufunga zipu ya koti. Wakamzika kule Kizuka, na familia yangu yote, mkubwa kwa mdogo, ikakubaliana nisiambiwe.

Sasa utauliza, mtu anafichwaje kifo cha bibi yake na anapiga simu kila Jumapili? Anafichwa kwa sababu kuna mama mdogo, binti wa mwisho wa bibi. Sauti zao zilikatwa kwenye gora moja la kitenge. Tangu utotoni nilikuwa nikimwitikia mmoja nikidhani ni mwingine. Na simu ya bibi ilikuwa ile ya tochi, haionyeshi uso.

Jumapili moja simu ilipokelewa, nikasikia pumzi, ikakatika. Nikalaumu rezo, mtandao wa simu. Jumapili iliyofuata sauti ikaja, taratibu, kama ya mtu aliyebeba mayai: "Amahoro, mutoto wangu. Baridi iko aje?"

Mutoto wangu! Nilitazama simu kama imeng'ata sikio langu. Nikajiambia bibi amezeeka, au ameokoka mara ya pili. Nikamwambia baridi iko sawa, ila chupa yake ya mawese imeganda dirishani kama tofali na mimi nayakwangua kwa kijiko. Hakucheka. Bibi angecheka mpaka watu wa Magara wasikie.

Kisha ulikuja mwezi mbaya. Siku nyingine jua halikufika hata kwa adabu. Darasani Kifaransa chao cha mbio kilipita juu ya kichwa changu kama treni, na jikoni pa pamoja hakuna aliyenisalimu. Mimi, msema hovyo wa Rumonge, nilikaa siku nzima bila kusema neno. Nikaacha kwenda darasani. Nikafunga sanduku. Kisha nikampigia bibi, yeye peke yake, nikamwambia yale ambayo hata rafiki sikumwambia: kwamba nimeshindwa, kwamba nalia kwenye bafu nikiwa nimefungua maji ili nisisikike, kwamba nataka kurudi nyumbani.

"Baki, mutoto wangu," akasema. "Maliza. Mimi niko hapa, nakungoja."

Nikafungua sanduku, nikatundika nguo. Nilibaki kwa sababu ya maneno hayo, na kwa maneno hayo nilimaliza.

Baba mkubwa alisisitiza kwenye simu nifike Jumamosi ile ile ya tiketi, mchana, nisibadilishe. Teksi ikanishusha mbele ya nyumba nikiwa na koti la Ubelgiji mwilini, koti la kumvika ng'ombe na ndama wake, katika joto la Rumonge, ili watu waone. Nikakuta hema uani, viti vya kukodi, makreti ya soda na bia, sufuria za mikeke, wale samaki wa ziwani, na kipaza sauti. Majirani wote wamevaa nguo za sikukuu. Nikasema moyoni, kumbe wananipenda hivi!

Nikachukua kipaza sauti. Hakuna aliyenizuia, na hilo ndilo nisilowasamehe hasa.

"Murakoze cane, asanteni sana!" nikapaza sauti. "Kwa sherehe hii hata rais hajapokelewa! Lakini bibi yuko wapi? Mtoeni huko ndani, nina kitu chake!"

Mama mmoja alijifunika uso kwa kitenge. Hapo ndipo nikaiona meza, na picha ya bibi juu yake, katikati ya maua.

Kwetu kilio hakiishi kaburini. Familia hukaa nacho miezi, pengine mwaka, hadi siku ya kukiondoa. Kwa Kirundi ni kuganduka. Watu hula, hunywa, na ukipita barabarani huwezi kuitofautisha na harusi. Walikuwa wameisogeza siku hiyo mpaka tarehe ya tiketi yangu.

"Ungerudi, mwaka ungepotea," baba mkubwa aliniambia, akinishika bega. "Na yeye mwenyewe alisema usiambiwe."

Labda alisema. Nitajuaje? Waliobaki wa kuniambia ni wale wale.

Nilimkuta mama mdogo nyuma, kwenye masufuria.

"Ni wewe uliyeniambia nibaki?"

"Ni mimi."

"Yale niliyosema hayakuwa yako."

"Najua."

"Mbona hukunitukana? Kama unamwiba mtu, mwibe mzima."

Akapangusa jasho. "Nilijaribu. Siku ya kwanza. Nilipotaka kusema kichwa cha boga, kilio kikanishika, nikakata. Wewe ukasema ni rezo."

Uani walikuwa wananiita niseme neno kwa niaba ya wajukuu. Mama mdogo alinawa mikono kwa sabuni, akaifuta kwenye kitenge, akaninyooshea.

"Basi nipe hicho cheti nikione."

Nikaitazama ile mikono. Ilikuwa safi.

"Hapana," nikasema, na nikakiacha ndani ya koti.

Siku hizi niko Bujumbura, na mama mdogo bado hunipigia Jumapili. Napokea. Lakini siongei mpaka aanze yeye, na kila mara anaanza na amahoro.