Farasi wa Bahari wa Shemeji Koki

Mdogo wa marehemu mume wangu ni fundi bomba, na mji mzima unamwita Koki. Mwenyewe hupenda kuitwa Injinia, lakini sijamsikia mtu akimwita hivyo isipokuwa muuza vifaa vya mabomba, na huyo ana sababu zake. Mimi namwita shemeji, kwa kuwa ndivyo alivyo, na hilo siwezi kulibadilisha.

Mikono yake ni mizuri; sikatai. Bomba aliloliunga yeye halivuji. Lakini akishaliunga, kwake kazi imekwisha, hata kama huko mwisho wa bomba hakuna mtu. Alipooa mara ya kwanza alimjengea mkewe bafu la maji ya moto, vigae mpaka darini. Mke akaoga vizuri sana, akalala njaa. Watoto walikwenda kulelewa kwa mama yao mkubwa. Mke wa pili alijengewa sinki la jikoni lenye koki mbili zinazong'aa. Akalitazama, hakuwa na sufuria ya kuosha ndani yake, akafunga mizigo. Huyo wa pili aliondoka akiwa amekonda, akapita sokoni mchana kweupe, kila mtu akamwona. Tangu siku hiyo ukitaja familia yetu, wapo wanaouliza, "Ni wale wa mke aliyekonda?" Mume wangu alikuwa mkaguzi wa shule na alisomesha nusu ya ukoo. Hakuna anayeuliza, "Ni wale wa mkaguzi?"

Kisha paa la nyumba yake likaanza kuvuja, naye, bingwa wa maji, akahamia kwangu, chumba cha uani.

Mambo ya farasi yalianza kwa daktari wa meno. Aliitwa kubadilisha sinki, akakuta chumba cha kusubiria kina tangi la kioo lenye farasi wa bahari. Alisimama pale mpaka karani wa mapokezi akamuuliza kama jino linauma. Akarudi nyumbani macho yamemtoka.

"Shemeji, kuna samaki wana vichwa vya farasi! Wanasimama wima kama watu waliosoma!"

"Ndiyo maana umewashangaa," nikamwambia.

Alitaka kujenga tangi la namna hiyo sebuleni, ukuta wa mashariki, mahali palipokuwa na kabati la vitabu la mume wangu. Nyumba hii wazazi waliwaachia mume wangu na Koki, na ningekataa angeutangazia mtaa kwamba mjane anamfukuza kwenye urithi wake. Kwa hiyo nilihamisha vitabu. Lakini nimefundisha baiolojia mpaka kustaafu, nikafungua kitabu nikamsomea, kama ninavyomsomea mwanafunzi wa nyuma kabisa: samaki hawa hawana tumbo la kuhifadhi chakula, wanakula kidogo kidogo kutwa, tena wanataka uduvi hai, au waliogandishwa wakizoeshwa, kitu kikavu hawakigusi.

"Kabla hujajenga," nikasema, "panga watakula nini."

"Shemeji, chakula ni kitu kidogo. Kwanza maji."

"Hivyo ndivyo ulivyowaambia wake zako?"

Akacheka. Jambo likimgusa hucheka, kisha huliacha hapo hapo lilipo.

Akaanza. Tangi alilifanya refu kwenda juu, maana viumbe hawa hupanda na kushuka kuliko wanavyokwenda mbele. Alitoboa kioo cha nyuma kwa keekee ya mdomo wa almasi, akazungushia udongo wa mfinyanzi pale pa kutoboa na kuujaza maji ili kioo kisipate moto kikapasuka. Chini, ndani ya kabati nilimokuwa nikiweka sahani za wageni, akaweka tangi la pili, dogo, la kuchujia maji. Maji yanamwagikia kwenye tundu la juu, yanashuka kwa bomba la plastiki, yanapita kwenye sifongo na mawe, kisha pampu inayarudisha juu. Nyumba nzima ilinuka gundi ya mabomba. Sahani zangu zikahamia chini ya kitanda, kama mali ya wizi.

Asubuhi moja nilikuwa napiga pasi, umeme ukakatika. Nikatoka koridoni nikamkuta kwenye swichi kuu, anatabasamu.

"Najaribu, shemeji! Umeme ukikatika, maji ya juu hutaka kurudi yote chini kupitia bomba la pampu, sebule inakuwa bwawa. Sasa njoo uone!"

Alikuwa ametoboa kitundu kidogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji. Maji yaliposhuka kufikia kitundu, bomba likavuta hewa, mtiririko ukakatika. Tangi la chini likajaa mpaka kwenye alama aliyoichora kwa kalamu, likasimama pale pale.

"Umeona?"

"Nimeona giza," nikasema. "Na shati la mwanao mdogo lina mkunjo wa pasi mgongoni."

Huyo niliyemwita mwanawe ndiye mwanangu wa mwisho, anamwita Koki baba mdogo na kumheshimu kuliko anavyostahili. Kijana huyu alikuwa amemchumbia msichana wa watu wenye adabu zao. Mtoto wa watu angekuja kuishi katika nyumba hii, na wazazi wake walikuwa wametuma neno kwamba watakuja kutuona kabla hawajatoa jibu. Mshenga aliyetuleta pamoja alinidokeza kwa upole, huku akiangalia viatu vyake, kwamba mama wa binti ameuliza habari za "yule mke aliyekonda."

Nilikunywa chai yangu mpaka mwisho, nikarudi nyumbani, nikaosha mapazia yote.

Koki naye, wakati huo, alikuwa anangoja maji ya chumvi yakomae, yafae kwa samaki. Kwa maji ana subira ya ajabu. Alipima, akaonja, akapima tena, mpaka duka la samaki wa kufuga likakubali kumuuzia farasi wanne. Aliwaleta ndani ya mifuko kama mtu anayeleta mapacha kutoka hospitali. Walikuwa na rangi ya haradali, mikia imejikunja kwenye nyasi za plastiki, macho yanazunguka kila moja na safari yake.

Wifi yangu, dada mkubwa wa Koki, alikuja kuwaona siku hiyo hiyo. Mdomo wake haujawahi kumwogopa mtu.

"Hebu nioneshe mama yao."

"Dada, hawa ni tofauti," Koki akasema, kifua mbele. "Dume ndiye anayebeba mimba. Huyu hapa, mwenye mfuko tumboni."

"Toba! Dume anabeba?" Wifi akageuka kunitazama, akamgeukia tena. "Wewe Mungu angekubebesha wako, labda ungejua watoto wanakula."

Nilijifanya napangusa meza.

Basi Koki akawapa chakula. Kilikuwa chakula gani? Vipande vikavu kama makapi, vya samaki wa bwawani, alivyovikuta dukani karibu na mlango. Vilielea, vikazunguka, pampu ikavimeza. Farasi wakavitazama vikipita.

"Wageni hawa," akasema. "Hawajazoea nyumba."

Maneno hayo nilishayasikia, tena ndani ya nyumba hii, akimzungumzia mke wa pili.

Siku zikaenda. Yeye alikuwa anaongeza koki ya pembeni, anapangusa mabomba kwa kitambaa, anaita majirani wasikie jinsi pampu isivyopiga kelele. Hakuona kwamba ubavu wa farasi ulikuwa umeanza kuingia ndani, mifupa imesimama kama meno ya chanuo. Mimi nilikuwa nimeapa kutoigusa kazi yake. Ila asubuhi moja nilimkuta yule mdogo kuliko wote amelala chini kwenye mchanga, na samaki huyu halali ubavu akiwa mzima. Wageni wa mwanangu walikuwa wanakuja mwisho wa juma.

Nikaiona picha yote. Mama wa binti anainama kwenye kioo, anaona viumbe waliokonda ndani ya jumba la fahari, hakuna anayemwambia neno, naye hana haja ya kuambiwa. Anamshika binti yake mkono, wanakwenda zao.

Nilimtoa yule aliyekufa kwa kijiko, nikavaa viatu vyangu vya kutokea, nikaenda duka la samaki mwenyewe. Nilirudi na uduvi waliogandishwa, na mayai ya uduvi, madogo kama vumbi la tumbaku. Mayai niliyaweka kwenye chupa ya plastiki yenye maji ya chumvi na mpira wa kupitishia hewa, juu ya kaunta yangu ya jikoni, ambapo sijawahi kuruhusu hata gazeti. Kesho yake chupa ilikuwa inatembea kwa vidudu vya rangi ya chungwa.

Nikavivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikaenda kwenye tangi, nikavimimina. Pampu ikavibeba vyote mpaka kwenye tundu. Farasi wakageuza vichwa, wakachelewa.

"Shemeji! Zima mashine yako viumbe wapate kula!"

Koki akatoka uani mbio, povu la mswaki mdomoni. "Mtambo hauzimwi ovyo, shemeji! Nimeupigia hesabu."

"Basi watakula hesabu. Zima!"

Akazima. Maji yakatulia. Nikamimina tena. Yule dume mwenye mfuko akasogea polepole, akaelekeza pua, akasita kama mwalimu anayetafuta kosa, halafu, tik! Uduvi hayupo. Mlio wenyewe nilikuwa nimeusoma tu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuusikia akiwa amesimama upande wa pili wa kioo. Tik. Tik.

"Kumbe walikuwa na njaa," Koki akasema.

Nilimtazama mtu mzima huyu, mwenye mvi masikioni, anagundua njaa. Kuna ujinga ambao ukiujibu unauheshimu.

Nikawalisha asubuhi, mchana na jioni, na katikati ya hapo pia. Wale waliogandishwa niliwayeyusha kwenye kikombe cha kahawa cha marehemu. Wageni walipofika, watatu waliobaki walikuwa wamejaa, ubavu umenyooka.

Baba wa binti alikaa na mwanangu, wakaongea habari za kazi. Mama wa binti hakukaa. Mwanamke mnene, mtulivu, mwenye macho ya karani wa benki. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akainama, akatazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Wazuri," akasema. "Nani anawalisha?"

Koki akakohoa. "Mtambo huu, mama, niliujenga mwenyewe. Bomba hili la kurudishia nilili..."

"Nimeuliza nani anawalisha."

Wifi, kwenye kona, akaacha kutafuna.

Ningeweza kusema ni mimi. Ilikuwa kweli, na kweli yenyewe ingenipendeza. Lakini binti wa huyu mama hakuwa anaogopa kuishi na mimi. Sifa zangu hazikuwa na kasoro. Iliyotoboka ilikuwa sifa ya huyu mwanamume, na tundu lake lilikuwa linavuja juu ya kichwa cha mwanangu.

"Shemeji yangu ndiye anayewalisha," nikasema. "Mimi hata kugusa haniruhusu."

Koki akanitazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani.

"Basi atuoneshe," mama wa binti akasema, na safari hii akakaa.

Nikaleta kikombe na bomba la sindano, nikamwekea mkononi. Akalijaza, akaliinua juu ya maji. Nikaona anataka kumimina huku pampu inakwenda.

"Baba mdogo," mwanangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "si huwa unazima kwanza?"

"Nazima kwanza," Koki akasema. "Lazima uzime. Ukiacha inakwenda, wanabaki na njaa."

Akazima. Akamimina kidogo mno, nusu nje. Dume akashuka. Tik. Koki akasahau kwamba kuna watu. Akamimina tena, pole pole, karibu na mwingine aliyekuwa nyuma ya nyasi, akangoja mpaka naye ale. Kisha akamtafuta wa tatu. Mama wa binti akatazama yote hayo mpaka kikombe kikaisha, ndipo akaichukua chai yake.

"Huku mtu halali njaa," akamwambia mumewe, wala hakuwa anauliza.

Walipoondoka na siku ya harusi imepangwa, wifi akanibana jikoni. "Wewe ni mwongo wa shahada."

"Ni uongo wa siku moja tu," nikasema. "Kuanzia kesho utakuwa kweli."

Na umekuwa. Nilimweleza Koki kwamba katika nyumba hii chai yake itamiminwa baada ya farasi kula, wala si kabla. Asubuhi ya kwanza alidhani ni mzaha. Akakaa mezani mpaka jua likapanda, kikombe kitupu mbele yake. Asubuhi ya pili nilisikia pampu ikizimwa. Sasa anajua kuangua uduvi, anajua kuosha chupa, na mke wa mwanangu, ambaye amenenepa vizuri na majirani wamelitaja hilo mbele yangu, humwita akisahau: "Baba mdogo, watoto wako hawajala!" Anainuka. Analalamika, lakini anainuka. Nisieleweke vibaya: sijabadili maoni yangu juu yake. Mtu anayefundishwa kwenye uzee kwamba kiumbe hula hastahili kupigiwa makofi.

Juma lililopita mfuko wa dume ulikuwa umevimba. Koki akaja jikoni na keekee mkononi, macho yamemtoka kama siku ile ya daktari wa meno. Anataka tangi jingine, la watoto, ukuta wa pili, mahali ilipo picha ya mume wangu.

"Watakuwa mamia, shemeji! Nitavuta bomba kutoka hapa, nipitishe hapa..."

"Watakula nini?" nikamuuliza.

Akaiweka keekee chini, juu ya kaunta yangu safi, akavuta kiti, akaanza kuhesabu chupa za kuangulia uduvi.