Mkono nilioufuta

Leo nimemfuta bibi yangu kwenye picha.

Sikukusudia. Najifunza kuhariri picha kwenye kompyuta, kitabu cha maelekezo sina, nabonyeza tu nione kitatokea nini.

Nikachukua picha ya mama aliyopigwa akiwa mchanga, studio moja ya Iringa, miaka ya sabini. Amekalishwa kwenye kiti, nyuma yake pazia. Ubavuni kulikuwa na kitu cheusi, kimefifia. Nikajua ni uchafu. Nikausafisha, nikahifadhi, nikamtumia.

Mama akapiga simu.

"Mwanangu, mkono uko wapi?"

Mkono gani tena, mama?

"Wa bibi yako. Hakuwa na gauni la kupigia picha, akajificha nyuma ya pazia akanishikilia nisianguke. Hana picha nyingine."

Ile ya karatasi ililiwa na mchwa. Nakala ilibaki hiyo moja, na mimi nimehifadhi hii niliyoisafisha juu yake. Tangu asubuhi nahangaika hapa Mbeya, mkono haurudi.

Mwenye kujua njia aniambie, tafadhali.

Mama hajanilaumu. Ameuliza tu, sasa huyo mtoto kashikwa na nani?