Mkono wa Zuhura Kwenye Boksi la Viatu

Nakumbuka tulipokuwa wadogo pale Gerezani, vitabu vya katuni hatukuvinunua, tulivifungua. Baba alikuwa anauza spea za magari ya Kijapani, na kila taa ya nyuma ilifika imeviringishiwa kurasa za katuni za hukohuko kwao. Siku hizi vijana wanaziita manga. Sisi tuliziita karatasi za taa. Zilinuka grisi kiasi kwamba ukishika moja kabla ya chakula, wali wote unakuwa na ladha ya injini.

Kijapani hatukujua hata herufi moja, kwa hiyo tulisoma sura na mikono. Mchoraji hakutuambia kwamba fulani ni mwoga; alimchorea tone la jasho shavuni, kwisha habari. Tukawa wapelelezi wa mtaa mzima. Muuza kahawa akijikuna sikio, tayari tumeshamhukumu. Mama alikuwa akisema, "Nyie watoto mtakuja kumfunga hata paka kwa kupepesa macho."

Tuliyemshuku kuliko wote alikuwa kijana wa kwenye karatasi moja, tuliyempa jina la Kovu kwa sababu ya alama usoni. Picha zilikuwa nne kwa mstari. Bibi anatembea na kikapu. Mkono wa Kovu umo kikapuni. Mkono umeshika pochi. Pochi iko chini, karibu na mguu wake. Mwizi mchana kweupe, tena mwoga, kaiangusha. Tulimzomea mpaka karatasi ikachakaa.

Karatasi hiyo ikapotea. Zote nilizitunza mimi, kwenye boksi la viatu chini ya kitanda. Siku mbili nimetafuta, nimepindua nyumba nzima, karibu nipindue na Kariakoo. Siku ya tatu naingia chumbani, namkuta rafiki yangu Zuhura kapiga magoti, mkono ndani ya boksi, jasho puani.

"Kumbe ni wewe," nikamwambia.

Akautoa mkono taratibu. "Kama ndivyo ulivyoona, haya."

Akaondoka. Nikafungua boksi, Kovu yupo juu kabisa. Nikawatangazia wenzangu kwamba nimemwahi mwizi kabla hajaondoka na mali. Zuhura hakucheza rede na sisi tena. Kwao wakahamia Buguruni hatujasemeshana.

Miaka ikapita kama elfu moja hivi. Nikiwa mtu mzima nikajiandikisha masomo ya jioni kumalizia sekondari niliyoiacha njiani, nikapangwa dawati moja na kijana anayesoma manga kwenye simu. Nikamwonyesha Kovu, maana nilikuwa naye bado, nimemfanya alama ya kitabu.

"Dada, wewe unaanzia wapi?" akaniuliza. "Hii inasomwa kutoka kulia, kama msahafu."

Na madrasa tulikwenda kila siku ya Mungu.

Nikaanzia upande wa kulia. Pochi iko chini. Mkono unaiokota. Mkono unaitia kikapuni. Bibi anaenda zake. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo hata mtoto wa chekechea angeliona: karatasi ilikuwa imepotea siku mbili kabla sijamkuta Zuhura, na ilionekana baada ya mkono wake kuingia kwenye boksi. Hakuwa anachukua. Alikuwa anarudisha. Aliitoa wapi, sijui mpaka leo, na nikikaa vibaya naanza kumshuku upya.

Juzi nilimkuta Kariakoo, ana duka la vitenge. Nikaiweka ile karatasi juu ya meza yake, kidole changu nikakiweka kwenye picha ya kulia. Akaitazama muda mrefu. Mteja akauliza bei ya doti, akamjibu. Kisha, bila kunitazama, akanisogezea kigoda kwa mguu.

Mpwa wangu ana umri wetu wa wakati ule. Anasoma manga iliyotafsiriwa neno kwa neno, na bado anauliza mtandaoni nani mbaya. Akikosana na mwenzake, jioni anatumiwa "nimekusamehe" na mioyo kumi, asubuhi wamekosana tena. Enzi zetu hatukupata hata moyo mmoja. Ulipata kigoda, ukakikagua mwenyewe: umekaribishwa, au kilikuwa kinamzuia njia?

Nilikikalia mpaka anafunga duka.