Lango Hufungwa Saa Kumi na Mbili

Mzee aliye katika mji usio wake hana taabu na asubuhi. Asubuhi mji una pa kumweka kila mtu. Thadeus Anyona alikuwa na misa ya alfajiri, na baadaye kliniki ya mguu, siku alizotakiwa kwenda. Siku ambazo hakutakiwa alizunguka sokoni Nyamira akiulizia bei ya ndizi ambazo hakuwa na nia ya kununua. Wauzaji walishamjua. "Leo unanunua, tata?" walimtania, wakimwita baba kwa Kikisii, naye akawajibu kwamba ndizi zao bado ni watoto wa kunyonya, warudishiwe mama yao. Taabu ilianza jua likielekea kuzama.

Kwake hakukuwa Nyamira. Kwake ni upande wa Ogembo, kwenye mteremko wa majani chai, ambako alizaliwa, akaoa, akamzika mkewe Bosibori. Alipoteleza shambani wakati wa mvua akavunjika mguu, mwanawe wa pekee, Machogu, alikuja kumchukua. Machogu ana duka la vifaa vya ujenzi Keroka na hurudi nyumbani usiku. Amepanga nyumba Nyamira, ghorofa ya juu kabisa, sebule na chumba kimoja cha kulala, na humo anaishi na mkewe Cynthia na binti yao mdogo, Linda.

Hapo sasa ndipo penye jambo. Kwa Wakisii, baba mkwe na mkamwana wana chinsoni, yaani heshima ya kuepukana. Baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akiwa na neno husimama uani, akakohoa, akangoja. Hali chakula mkamwana akimtazama, wala hawaketi sebule moja kama marafiki. Kijijini jambo hilo si gumu, maana ua upo, na nyumba yako mwenyewe ya kurudi ipo. Lakini katika nyumba ya kupanga, juu ya ngazi, ua utautoa wapi?

"Baba, mjini hakuna chinsoni," Machogu alimwambia. "Mjini kuna kodi." Akamtandikia godoro sebuleni.

Mzee alikubali shingo upande. Ila alijiwekea sheria yake kimoyomoyo: ataingia mle mkamwana akishalala, na atatoka kabla hajaamka. Hakumwambia mtu. Mambo ya chinsoni hayajadiliwi, ukianza kuyajadili umeshayavunja nusu. Kwa hiyo alihitaji mahali pa kuketi kila jioni mpaka usiku uingie sawasawa. Hotelini ukiketi lazima uagize chai, na chai ikiisha mhudumu huanza kufuta meza ambayo haina uchafu. Kanisa hufungwa. Ukisimama barazani, mwenye duka atakuuliza unamngoja nani. Palibaki bustani ya mji.

Haikuwa bustani ya kujivunia. Nyasi, vijia vya kokoto, viti vya saruji, miti michache. Lakini mtu aliweza kuketi humo bila kununua kitu na bila kuulizwa lolote. Vijana waliketi wawili wawili. Akina mama waliotoka kazini walivua viatu wakanyoosha miguu. Muuza njugu alipita akapita tena. Mzee Anyona alikuwa mpweke, tena mpweke hasa, kiasi kwamba mtu akimwuliza saa alifurahi hadi usiku. Sauti za watu zilimtosha. Alizisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, na giza lilipokomaa alijikongoja kwenda kulala.

Kisha wakubwa wakatundika kibao langoni: bustani itafungwa saa kumi na mbili jioni. Inasemekana kibaka alimnyang'anya msichana simu, basi dawa ikaonekana ni kuwafukuza wote waliokuwa wameketi kwa amani. Sijui nani aliyefikiria hivyo. Kibaka ana mji mzima wa kwenda. Mzee wa watu ana kiti kimoja.

Askari wa lango aliitwa Obiero, mtu wa upande wa ziwa. Jioni ya kwanza alimjia mzee polepole, rungu likining'inia.

"Mzee wangu, saa imefika."

"Lakini jua bado iko."

"Jua haijaniandika kazi, mzee. Ni hawa wa hii kibao."

"Basi nifungie tu hapa ndani. Ukitoka kazi unifungulie."

Obiero alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Jaduong', mzee wangu, kwani wewe hauna kwako?"

"Niko na kwangu. Lakini saa hii si mzuri mimi kuwa huko."

"Ni bibi ya kijana? Anakunyima chakula?"

"Hapana!" Mzee aliinua fimbo kwa ukali. "Huyo ni mtoto mzuri sana. Usimtaje vibaya."

Obiero hakuuliza tena. Hata kwao ukwe una miiko yake, na mtu mwenye mama mkwe anajua kuna maswali hayaendelezwi. Akafunga lango, mzee akabaki ndani.

Ikawa hivyo kwa muda. Kumbe bustani bila watu ni nyasi tu. Hakuna kicheko, hakuna njugu, hakuna wa kuuliza saa. Baridi ya Nyamira ilimwingia mzee kwenye mfupa uliovunjika, naye akajikaza kisabuni, macho kwenye taa za barabarani nje ya ua, ambako watu walikuwa wakipita kwenda makwao. Nyakati nyingine alimwita Bosibori kwa jina, si kwa sababu alidhani atajibu, bali ili asikie sauti ya mtu.

Jioni moja msimamizi alipita akamkuta. Hakumgusa mzee. Alimgeukia Obiero, akamkaripia mpaka mate yakamruka, akasema akimfungia mtu ndani tena, kazi hana.

"Mzee," Obiero alisema walipobaki wawili, akitazama chini, "mimi niko na watoto nyumbani."

"Najua. Sitarudi tena."

Walipeana mikono. Kesho yake jioni mvua ilishuka, ile ya kwetu isiyoomba ruhusa. Mzee alijibanza hapa, akafukuzwa. Akajibanza pale, maji yakamfuata. Mguu ukagoma. Hakukuwa na la kufanya ila kupiga moyo konde na kwenda nyumbani, mapema, mkamwana akiwa macho.

Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua chache. Mlangoni alikohoa kama angekohoa uani Ogembo, kikohozi kirefu cha kumpa mtu nafasi ya kujisitiri. Akakohoa tena, akausukuma mlango.

Taa ilikuwa inawaka. Viti vilikuwa vitupu. Hotpoti ilikuwa mezani, ile ile ambayo kila usiku aliikuta akadhani wenyewe wameshakula wakalala, na kando yake maji ya kunawa, bado ya moto. Mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa. Nyuma ya mlango huo akasikia sauti ya Linda, akimtaja babu yake kwa Kikisii.

"Mama, Sokoro amekuja. Mbona sisi kila siku tunakaa huku kabla giza liingie?"

"Nyamaza. Ni ili Sokoro akija akute nafasi yake."

Mzee Anyona alisimama, maji yakimtiririka kwenye koti. Kumbe tangu alipohamia, Cynthia alikuwa akipika mapema, akiandaa meza, akijifungia chumbani na mtoto, ili baba mkwe asimkute njiani. Naye huko nje alikuwa akiganda, akimngoja alale. Jioni zote hizo sebule ilikaa na taa yake, haina mtu. Aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu uchungu.

Aliketi. Akafunua hotpoti, akaifunika.

"Mama Linda," aliita kwa Kikisii. Hakuwa amewahi kumwita moja kwa moja.

"Naam, tata," Cynthia alijibu kutoka ndani.

"Mtoto aje ale na mimi. Mjukuu hana chinsoni."

Hiyo nayo ni kweli ya mila. Babu na mjukuu ni watani. Linda alitoka mbio na kijiko chake, akamwambia babu yake ananuka kama kondoo aliyenyeshewa. Mlango aliuacha wazi nyuma yake. Mzee alitazama ukuta, akingoja mlango ufungwe. Haukufungwa. Alisikia kiti kikiburutwa hadi mahali ambapo hawataonana, kisha sahani ikiwekwa mapajani.

Wakala hivyo kwa muda, ukuta katikati.

"Tata," Cynthia alisema hatimaye, "sisi tulidhani unapenda kukaa bustanini na wazee wenzako. Hatukutaka kukuharakisha."

Mzee angeweza kuitikia tu, yakaisha. Aliweka tonge chini.

"Hakuna wazee wowote," alisema. "Nilikuwa nakaa peke yangu."

Mvua iligonga mabati. Nyuma ya ukuta sahani iliwekwa chini.

"Hata sisi, tata," alisema Cynthia.