Gauni la Bibi la Kuzikiwa

Jirani yangu hupiga pasi ya makaa kila umeme unapokatika, na hapa Bujumbura umeme hukatika mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri mbele ya wageni. Anainyunyizia nguo maji kwa vidole, anashusha pasi, na harufu ya pamba mpya inayokaribia kuungua inavuka ukuta na kunikuta jikoni. Hapo huacha ninachofanya nikakaa kitini. Ndiyo harufu iliyokuwa kwenye gauni la bibi yangu siku lilipotoka kwa fundi, na bibi alikuwa amelishonesha ili azikwe nalo.

Msishtuke. Hakuwa mgonjwa. Lakini ilikuwa miaka ya vita, watu walizikwa na chochote walichokutwa wamevaa, na bibi, ambaye maisha yake yote hakupenda kusumbua watu, aliona ni adabu tu kuacha kila kitu tayari. Alikuwa na kipande cha popelini nyeupe alichokuwa amekitunza sandukuni, akakipeleka kwa fundi Rashidi, aliyekuwa na cherehani yake barazani, mtaa wa pili kutoka kwetu, pale Buyenzi.

Nilikuwa na miaka minane hivi, na katika nyumba ile tulibaki wawili tu, mimi na bibi. Baba alitoka asubuhi moja kwenda kazini, hakurudi, na hatukupata hata mtu wa kutuambia alianguka wapi. Mama alivuka ziwa kwenda Kigoma na mdogo wangu mchanga mgongoni. Mimi niliachwa kwa sababu nilikuwa na surua, nikipona, ningefuata. Nilipona, lakini mipaka ilikuwa imefungwa na boti zilikuwa hazivuki tena. Watoto wa majirani nao walikuwa wamehama mmoja mmoja. Mchezo wangu ulikuwa ni mlango: nilitoka nje, nikaufunga, nikabisha hodi, kisha nikaingia mbio na kujijibu mwenyewe, karibu, karibu sana. Nikijikaribisha, niliketi na kujiuliza habari za nyumbani. Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka.

Jumapili tulikwenda kanisani, na mchungaji wetu mwaka ule alihubiri hukumu tu. Sijui kama alikuwa na jambo jingine la kusema, maana kila tulipokwenda tulikuta moto ule ule. Alisema vitabu vitafunguliwa, alisema kila mmoja atasimama peke yake, bila mama, bila baba. Watu walilia kwa sauti. Mimi nilikuwa tayari nimesimama peke yangu, kwa hiyo nilimwelewa vizuri kuliko wengine, na nilitetemeka mpaka benchi likatetemeka. Bibi alikuwa akijipepea kwa pembe ya kitenge na kumenya karanga polepole ili zisilie.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza kama haogopi.

“Kuogopa nini? Uyu muchungaji anaongea kama mutu aliambiwa habari za Mungu, bado hawajaonana. Mi nitaenda kwa Baba yangu. We ukirudi nyumbani kwenu, unatetemeka mulangoni?”

Pengine mngetegemea nifarijike. Nilikasirika. Nilitembea nyuma yake njia nzima, nimevimba, nikitazama visigino vyake. Nilitaka aogope, hata kidogo tu. Mtu anayeogopa kwenda hukaa. Baba hakuogopa kwenda kazini, mama hakuogopa ziwa, na sasa bibi alizungumza habari za kufa kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye saluni. Je, mimi? Katika habari zile za kurudi nyumbani kwa Baba, mimi sikutajwa mahali popote.

Nikaweka tumaini langu kwa fundi Rashidi. Katika hesabu zangu za kitoto, bibi asingeweza kufa gauni likiwa halijakwisha, na fundi Rashidi, kama mafundi wote waliowahi kushika sindano, hakuwahi kumaliza nguo siku aliyosema. Bibi alinituma, nikaenda, nikasimama barazani nikiomba moyoni. Mzee yule aliinua macho juu ya miwani.

“Sema na bibi yako, kesho, inshallah. Mwambie Rashidi hana haraka ya kumuzika.”

Nilirudi nikirukaruka. Bibi alisonya, akasema Waislamu na Wakristo watakuja kuwa kitu kimoja mbinguni, lakini mafundi cherehani watatafutiwa mahali pao. Kesho yake nikaenda tena, nikajibiwa vile vile, na hivyo ndivyo nilivyomweka bibi yangu hai muda wote wa masika.

Kisha siku moja, asubuhi, lilikuwa tayari. Fundi alikuwa ndiyo kwanza ameinua pasi, gauni lilikuwa na joto bado mikononi mwangu, na harufu ile ikanifuata mpaka nyumbani. Kichwa kilikuwa kikiniuma tangu nilipoamka, sikusema. Bibi alilivaa hapo hapo kuona kama linamkaa. Lilimkaa. Lilikuwa na kola ya duara na mikono mirefu, akageuka kulia, akageuka kushoto, akaniuliza kama amependeza. Nilifungua mdomo nimjibu, na badala ya jibu yakatoka maharagwe yote ya jana, yale ya mawese, mekundu, kifuani pake.

Sikumbuki vizuri kilichofuata, ila najua malaria ilikuwa imenishika vibaya. Najua pia kwamba hakubadili nguo. Alinifunga mgongoni kwa kitenge, mtoto wa miaka minane, miguu ikining'inia, akatoka nami jinsi alivyokuwa. Usiku wa kuamkia siku ile kulikuwa na milio ya bunduki milimani, na njia ya kwenda zahanati ilikuwa na bariyeri, kizuizi cha watu wenye silaha. Nilisikia sauti ya kijana ikiuliza huyu mama anakwenda wapi na nguo nyeupe namna hii, anaenda kuolewa?

“Ni nguo yangu ya kuzikiwa, mutoto wangu,” bibi alisema, akihema. “Ukitaka niitumie leo, apana shida. Lakini uyu afike kwa muganga kwanza.”

Nilisikia bariyeri ikiinuliwa. Kisha nikahisi mgongo wake umeanza kutembea tena. Nilimtapikia mara nyingine, begani, na mara nyingine tena kabla hatujafika.

Mawese hayatoki kwenye nguo nyeupe, kila mwanamke wa mji huu analijua hilo. Bibi alijaribu sabuni, akajaribu ndimu, akalianika juani kutwa nzima. Madoa yalibaki, ya rangi ya machungwa, kifuani, begani na mgongoni. Nilipopata nguvu za kukaa kitandani nilimwona analikunja na kulirudisha sandukuni, nikaanza kulia. Nilisema sasa atafanya nini siku ile, vitabu vikifunguliwa, watu wote wakimtazama, na gauni lina matapishi.

“Kwani Mungu hajui mawese?” Akafunga sanduku. “Alikuwa pale wakati unanitapikia. Nyamaza, unywe uji.”

Alikufa mwaka uliofuata, alasiri, kwa ugonjwa wa kifua, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa bado nina hasira yangu. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba haogopi kwa sababu hanipendi. Bibi alinitazama, na machozi yakaanza kumtoka, yakiingia masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali. Sikuwa nimewahi kumwona analia, hata kwa ajili ya baba.

“Mi siendi kwa mutu nisiyemujua,” alisema. “Nalia juu yako. We ndio unabaki.”

Alinishika mkono mpaka ukalegea wenyewe.

Wanawake wa kanisani walikuja kumwosha. Mama Odeta, aliyekuwa mkubwa wao, alifungua sanduku, akalitandaza gauni, akasema apana, apana, hatuwezi kumupeleka huyu mama mbele ya Mungu na nguo ya madoa, twende tutafute nyingine. Nilisema ni hiyo. Nilirudia tu, ni hiyo, ni hiyo, mpaka wakachoka nami. Wakamvika, kisha wakamfunika kitenge kifuani ili waombolezaji wasione.

Mama Odeta alinichukua kwake na alinitunza vizuri, lakini sikucheza tena na mlango. Mama aliporudi kutoka Kigoma nilikuwa na urefu kama wake, na tulisalimiana kwa mkono. Siku hizi ninaishi peke yangu. Mahubiri ya hukumu bado yanaweza kuninyima usingizi, sitawadanganya. Mimi si bibi. Kwa miaka mingi niliamini alikuwa na ujasiri fulani wa kuzaliwa nao, ambao mimi nilinyimwa, na nilimwonea wivu.

Lakini harufu ile ya pasi inaponikalisha kitini, nairudia ile safari ya zahanati, na kuna jambo moja ambalo sikuliona nilipokuwa mtoto. Kila kitu kiliniogopesha wakati ule: moto, bunduki, ziwa, kubaki. Siku ile nilikuwa nimemchafua bibi kuanzia begani mpaka kiunoni, nimeharibu nguo pekee aliyoitaka duniani, na haikunijia hata mara moja kwamba angenitua chini. Sikuomba msamaha. Nililaza shavu mgongoni pake, juu ya uchafu wangu mwenyewe, nikasinzia. Nadhani naye alikwenda hivyo kwa Baba yake.